Kipimo cha bure, gharama iko kwenye safari ya pili

Tarehe 17 Novemba 2025 dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kutokomeza Saratani ya Mlango wa Kizazi, miezi michache baada ya Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kuipitisha. Siku za namna hii tunazijua zinavyokwenda kwetu. Mahema yanasimikwa, fulana zinagawiwa, mshereheshaji anawahimiza kinadada wajitokeze kwa kuwa huduma ni bure, na jioni taarifa ya habari inatuambia wamepimwa wangapi. Idadi ikiwa kubwa, tunaridhika kwamba kazi imefanyika. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapojidanganya. Kipimo peke yake hakijawahi kumkinga mwanamke yeyote na saratani hii. Kinachomkinga ni kutibiwa mabadiliko yaliyoonekana kwenye mlango wa kizazi kabla hayajakomaa kuwa saratani. Kwa hiyo swali tunalopenda kuuliza, kwamba kipimo ni shilingi ngapi, ni dogo kuliko lile tusilouliza: akikutwa na tatizo, itamgharimu nini mpaka atibiwe? Na kwa wanawake vijana lipo swali jingine, gumu zaidi kulisema kwenye kipaza sauti: je, kila kijana aliyeitwa kwenye hema alistahili kuitwa?

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaonyesha wanawake wapatao 660,000 waligundulika na ugonjwa huu duniani na wapatao 350,000 wakafa, na zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tanzania inakadiriwa kupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka na vifo zaidi ya 6,000. Wengi wanaofikishwa Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika wakati ugonjwa umeshasambaa, na matibabu yanayobaki ni ya kumwongezea mtu muda na kumpunguzia maumivu. Kinachouma ni kwamba hii ni miongoni mwa saratani zinazotembea polepole mno. Chanzo chake karibu siku zote ni virusi vya HPV, ambavyo aina zake mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba takribani asilimia 70 ya wagonjwa wote. Kutoka maambukizi hadi saratani kamili huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, muda huo hushuka hadi miaka 5 au 10. Ni ugonjwa unaotoa notisi ya miaka mingi, nasi tunaipokea notisi siku ya mwisho.

Mwaka 2020 WHO iliweka malengo ya kufikiwa ifikapo 2030, ambayo watu wa sekta huyataja kwa mkato kama 90, 70, 90: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa dhidi ya HPV kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kabla ya miaka 35 na tena kabla ya 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Katika tarakimu hizo tatu, ya mwisho ndiyo yatima. Ya kwanza ina sindano, na ina kampeni ya shule yenye waziri wa kuizindua. Ya pili ina mahema. Ya tatu inahitaji mtungi uliojazwa gesi ya kugandisha sehemu iliyoathirika, au betri iliyochajiwa ya kifaa cha kuichoma, na nesi aliyefundishwa ambaye hajahamishiwa wodi nyingine, na sijawahi kuona utepe unakatwa kwa ajili ya mtungi wa gesi.

Upande wa chanjo tumefanya vizuri, na haki isemwe. Tanzania ilianza kuchanja nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kisha Aprili 2024 ikahamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Uamuzi huo wa dozi moja hatukuuazima wote kutoka nje. Sehemu ya ushahidi wake ilitoka Mwanza, kwenye utafiti wa DoRIS uliowafuatilia wasichana 930, na sehemu nyingine Kenya, kwenye utafiti wa KEN SHE, ambako dozi moja kwa wasichana wa miaka 15 hadi 20 ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na ya 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema tuachane na gharama za kupima, tuweke fedha zote kwenye chanjo, ugonjwa utajifia wenyewe. Hoja ina mvuto hadi upige hesabu ya umri. Aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2018 alizaliwa karibu na mwaka 2004. Waliomtangulia wote, yaani karibu kila mwanamke wa Tanzania ambaye leo ana miaka ishirini na kitu, thelathini, arobaini, chanjo ya shuleni ilimpita. Na chanjo haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia. Tukiacha kupima, tutakuwa tumeamua kimyakimya kwamba mama na dada wakubwa wa wasichana waliochanjwa hawamo kwenye mpango.

Hapo ndipo wengine wanaporukia upande wa pili: basi wapimwe wote, kuanzia wa miaka 18, vyuoni na mitaani. Nia ni njema, ila ina kasoro ya kitabibu ambayo wapiga debe hawaielezi. HPV ni maambukizi ya kawaida sana miaka ya mwanzo baada ya mtu kuanza kujamiiana, na mwili wenyewe huyafukuza mengi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ukimpima binti wa miaka 20 kwa kipimo cha virusi, uwezekano wa kumkuta navyo ni mkubwa, lakini uwezekano wa virusi hivyo kumletea saratani ni mdogo. Utakuwa umempa hofu, pengine na matibabu ambayo hakuyahitaji, na baadhi ya matibabu hayo, hasa yale ya kukata kipande cha mlango wa kizazi, huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huko mbele. Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unasema kupima kuanze miaka 30 kwa wanawake kwa jumla, na 25 kwa wenye VVU. Uingereza ilishawahi kusukumwa juu ya jambo hili. Mwaka 2003 iliamua England ianze kupima wanawake wakiwa na miaka 25 badala ya 20. Mwaka 2009 mtu maarufu wa televisheni, Jade Goody, alikufa kwa saratani hii akiwa na miaka 27, na kelele za kushusha umri zikawa kubwa. Kamati ya wataalamu iliupitia ushahidi upya na kuacha umri palepale. Ni uamuzi mgumu kuutetea mbele ya familia iliyofiwa, lakini ulikuwa sahihi.

Sasa tumweke wapi dada wa miaka 22 aliyekosa chanjo na hajafikia umri wa kupimwa? Kama ana VVU, asubiri 25 tu, si 30, na kliniki yake ndiyo imkumbushe. Kama hana, kitu chenye faida kubwa kwake bado ni chanjo. WHO inapendekeza dozi moja au mbili hadi miaka 20, na dozi mbili kuanzia 21. Kikwazo chake ni bei. Kupitia Gavi, mfuko wa kimataifa wa chanjo, serikali hupata chanjo kwa dola chache kwa dozi, ila bei hiyo ni ya kampeni za wasichana wadogo. Dada huyu akiitafuta hospitali binafsi atakutana na bei nyingine kabisa. Kama kweli tunataka kuwasaidia wanafunzi wa vyuo, fedha za bonanza la kupima zingefanya kazi zaidi zikinunua dozi kwa wale wa mwaka wa kwanza. Najua dawa za kukinga hazina picha nzuri ya gazetini. Na ieleweke kwamba hakuna hata neno moja kati ya haya linalomhusu mwanamke mwenye dalili. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au nje ya siku zake, au anayetokwa uchafu wenye harufu usiopona, akachunguzwe hata kama ana miaka 19. Huyo haendi kwenye upimaji wa kundi, anakwenda kutibiwa.

Turudi kwa wenye umri wa kupimwa, maana ndipo ubishi wa kitaalamu ulipo. Kipimo kinachotumika katika zahanati na vituo vyetu vingi ni cha siki, ambacho manesi hukiita VIA. Mama analala, nesi anafungua kwa spekulamu, kifaa cha kupanulia uke, anapaka siki hafifu kwa pamba, anasubiri kama dakika moja, kisha anamulika kwa taa. Sehemu yenye mabadiliko huwa nyeupe. Siki haina bei ya kutaja, majibu yanatoka mama akiwa bado kitandani, na kama kifaa cha tiba kipo chumbani, anatibiwa kabla hajavaa viatu. Udhaifu wake ni jicho. Manesi wawili wanaweza kuangalia mlango mmoja wa kizazi wakaona vitu viwili, na kwa wanawake waliokoma hedhi sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imeingia ndani. Kipimo cha virusi, kile cha vinasaba vya HPV, hakitegemei jicho. Kinagundua wengi zaidi, mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti bila kuvuliwa na mtu, na akikutwa salama anapumzika miaka mitano hadi kumi. Ndicho WHO inachokipendekeza, na ndicho kinachoitwa ghali.

India imetupa majibu ya pande zote mbili. Katika mitaa duni ya Mumbai utafiti wa wanawake wapatao 150,000, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba kipimo cha siki kilichofanywa na wahudumu wa ngazi ya chini kilipunguza vifo kwa asilimia 31. Huko Osmanabad, utafiti wa wanawake zaidi ya 130,000 uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba kipimo kimoja tu cha virusi kilipunguza vifo karibu nusu, huku siki ikishindwa kuonyesha tofauti ya kutegemewa. Watetezi wa siki wanataja Mumbai, watetezi wa vinasaba wanataja Osmanabad, na kila upande una haki yake. Wanachosahau wote wawili ni kwamba utafiti mkubwa wa aina hiyo una watu wa kuwafuatilia waliokutwa na tatizo. Zahanati ya Kiteto haina mtu huyo.

Chukua mfano wa tarakimu, nazisema kwa kukadiria tu ili hoja ionekane. Wanawake 100 wana mabadiliko ya awali, na tumefanikiwa kuwafikia 70. Siki iwaone nusu yao, 35, na tuseme tisa katika kumi wanatibiwa palepale: wamepona 31 au 32. Sasa tulete kipimo bora cha virusi kinachowaona tisa katika kumi, yaani 63, lakini sampuli inakwenda mkoani, majibu yanarudi baada ya wiki kadhaa, na nusu tu ndio wanaopatikana kutibiwa. Wamepona 31 au 32. Kipimo cha bei kubwa kimetupa watu walewale. Siki bila gesi kwenye mtungi, nusu wakirudi, inaokoa 17 au 18. Kipimo cha virusi pamoja na tiba ya siku hiyohiyo kinaokoa 56 au 57. Tofauti kati ya 17 na 57 haikuletwa na uhamasishaji, kwa sababu waliojitokeza ni walewale 70 katika hesabu zote.

Hii ndiyo sababu siipi uzito hoja inayorudiwa kuliko zote kwenye hotuba, kwamba wanawake wetu wana mwamko mdogo. Ndiyo dhaifu kuliko zote, na inawafaa wanaoitoa kwa kuwa inahamishia kosa kwa mgonjwa. Mwanamke ambaye hakurudi kwa ajili ya tiba alijitokeza mara ya kwanza. Mwamko alikuwa nao. Aliambiwa gesi imekwisha, au mwenye ujuzi yuko semina, aje Alhamisi. Alhamisi ni siku ya mnada, ndiyo anayouzia. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, mtoto wa kuachwa kwa jirani, mume wa kuelezwa kwa nini unakwenda tena wakati juzi ulikwenda. Kwenye hema moja la maonesho niliwahi kuonyeshwa daftari la upimaji. Lilikuwa na safu ya tarehe, umri, matokeo na rufaa. Baada ya neno rufaa, mistari iliishia kwenye ukingo wa karatasi. Hapakuwa na safu ya kuandika kama aliyepewa rufaa alifika.

Wakosoaji wa kipimo cha vinasaba watauliza mashine zitoke wapi. Nyingi tayari zipo. Mashine za GeneXpert zilizosambazwa katika hospitali zetu kwa ajili ya kupima makohozi ya kifua kikuu zinaweza kupima HPV pia, kwa katriji tofauti, na jibu linatoka kwa muda wa saa moja hivi. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli saa mbili asubuhi, akakaa kwenye benchi na wenzake, na kabla ya saa sita mchana akawa ameshatibiwa au ameshaondoka. Upande wa tiba nao umerahisika. Zamani ilikuwa lazima mitungi mizito ya gesi ya kugandisha. Leo kuna kifaa cha kushika mkononi kinachotumia betri, kinachochoma sehemu iliyoathirika kwa joto la nyuzi 100 kwa chini ya dakika moja, na WHO ilitoa mwongozo wake mwaka 2019. Siyo kwamba kila kitu ni mteremko. Mashine yenye nafasi nne inapima sampuli nne kwa wakati mmoja, na kifua kikuu hakiwezi kusimamishwa foleni. Katriji ni ghali kuliko chupa ya siki, na si kila aliyekutwa na virusi anafaa kutibiwa bila kuangaliwa, kwa hiyo nesi mwenye jicho zuri hatakosa kazi. Mahali ambapo mashine haipo, siki pamoja na kifaa cha joto ni bora kuliko kusubiri miaka kumi kipimo kamilifu. Nisichokubali ni siki bila tiba, na vinasaba bila tiba vilevile.

Kuna gharama moja ya kipimo cha virusi ambayo wahasibu hawaiandiki, nayo ni ya chumbani. Siki ilikuwa inasema “kuna sehemu nyeupe.” Kipimo kipya kinasema una virusi vinavyopatikana kwa kujamiiana. Mwanamke aliyeolewa anarudi nyumbani na karatasi hiyo, na swali la kwanza analoulizwa ni umevitoa wapi. Ukweli wa kitabibu ni kwamba hakuna awezaye kujibu. Virusi hivi huweza kukaa kimya miaka na miaka. Vinaweza kuwa vya kabla ya ndoa, vya kwake au vya mume, na mume mwenyewe hana kipimo cha kawaida cha kumwonyesha. Nesi asipolisema hilo kwa sentensi mbili kabla ya kumkabidhi majibu, tutakuwa tumeanzisha ugomvi kwa jina la afya, na mwaka unaofuata shoga zake wote hawatakuja. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko bango lolote. Na wanaume wakielezwa msikitini na kanisani kwamba HPV si cheti cha usaliti, nadhani tutapata zaidi kuliko tunavyopata kwa fulana.

Waanzie wapi wenye bajeti ndogo? Zambia ilijibu tangu 2006. Waliweka upimaji ndani ya kliniki za VVU za Lusaka, manesi wakapiga picha za mlango wa kizazi kwa kamera za kawaida za kidijitali ili daktari aweze kuzipitia, na waliokutwa na tatizo linalotibika wakatibiwa ziara hiyohiyo. Ilikuwa busara kwa sababu mwanamke mwenye VVU ana uwezekano mara sita wa kupata saratani hii kuliko asiye navyo, na tayari ana kliniki, kadi, na tarehe ya kurudi kuchukua dawa. Safari ya pili yake imeshalipiwa. CTC zetu, yaani kliniki za tiba na matunzo kwa wenye VVU, zingeweza kuwa mlango wa kwanza kwa kila mteja mwenye miaka 25 na kuendelea, kisha huduma ikahamia kliniki za mama na mtoto kwa wenye miaka 30. Shida ni kwamba kliniki hizo kwa miaka mingi zimeegemea fedha za Marekani, ambayo mwanzoni mwa 2025 ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na Juni mwaka huohuo ikatangaza kuacha kuichangia Gavi. Katika hali hiyo fedha ya ndani itakuwa kidogo na kila shilingi itagombewa, na kitu chenye hema na kamera kitaelekea kushinda kitu chenye betri na katriji.

Rwanda, ambayo haituzidi utajiri, imejiwekea lengo la kufikia 90, 70, 90 ifikapo 2027, miaka mitatu kabla ya wengine. Ilianza kuchanja mwaka 2011, miaka saba kabla yetu, hivyo hatuanzii mstari mmoja. Lakini hakuna kinachozuia halmashauri ya Tanzania kuanza mwezi ujao na jambo dogo kuliko mashine: kuacha kutangaza idadi ya waliopimwa hadi iwe imeambatana na idadi ya waliokutwa na mabadiliko na idadi ya waliotibiwa siku hiyohiyo. Mganga mkuu wa wilaya atakayesoma mbele ya madiwani kwamba wamepimwa 800, wamekutwa na tatizo 40 na wametibiwa 9, ataulizwa wale 31 wako wapi, na fedha ya mtungi wa gesi itaanza kupatikana.